Firigisi ya Injinia

Nianze kwa kukiri, ili wanaotaka kucheka wacheke mapema tuendelee: katika kijiji kimoja mbele kidogo ya Mugeta kuna darasa la pili ambalo watoto wake walinisoma mimi. Sisemi walinitazama, jamani. Walinisoma, silabi kwa silabi, kwa sauti moja, fimbo imeelekezwa tumboni kwangu, wazazi na bibi zao wamekaa wanasikiliza. Mpaka leo nikipita karibu na shule nikasikia watoto wanaitikia "ba, be, bi," miguu yangu inaongeza mwendo yenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo niliondoka Musoma sina safari. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu pale Iringo, nikatoka nje kupiga mswaki, nikakuta lori la magunia ya dagaa limesimama mbele ya duka la jirani, injini inaunguruma. Nikamuuliza dereva anaenda wapi, akasema Bunda, nikamwambia hata mimi (sikuwa naenda Bunda, sikuwa naenda popote, mswaki ulikuwa bado mdomoni). Nikakimbia ndani, nikachukua begi langu la mgongoni ambalo huwa halikosi nyaya za simu, nyaya za redio na nyaya ambazo hata sijui ni za nini, nikapanda juu ya magunia.

Ndivyo nilivyo tangu zamani. Hata shule niliiacha hivyo hivyo. Nikiwa darasa la sita lilikuja gari la kuonyesha sinema kijijini kwetu, upande wa Nyegina, wakatundika shuka jeupe, watu wakawa wanatembea kwenye shuka, nami nikataka kujua wameingiaje humo. Nikalifuata lile gari mpaka Tarime. Niliporudi nilikuwa najua habari zote za taa na shuka, ila wenzangu wameshaingia la saba na baba hataki hata kuiona sura yangu. Kwa hiyo elimu yangu inaishia pale, kwenye shuka.

Bunda sikukaa. Nilikuta pikapu ya wachuuzi wa mbuzi inaelekea Mugeta, nikaomba nafasi, nikapewa nafasi pamoja na kamba za mbuzi. Tulipopita Mugeta wakasimama kijiji fulani kubishana bei na mzee mmoja, na ubishi wa mbuzi kwetu ukianza unaweza kufua nguo zikakauka. Simu yangu imekufa chaji. Nikatazama huku na huku, nikaona shule ya msingi, na juu ya bati la darasa moja kuna paneli za sola zinang'aa. Nikajisemea, naenda kuomba kuchaji dakika chache tu, nirudi kwenye mbuzi.

Nilipofika mlangoni akatoka mwalimu mwanamke, mtu wa makamo, chaki mpaka kwenye nyusi. Akaniangalia, akaliangalia begi, akaziangalia nyaya zinazoning'inia.

"Hatimaye!" akasema. "Fundi, tangu asubuhi nakungojea wewe. Mbona umechelewa hivyo?"

Sasa hapa ndipo penyewe. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Ningesema mimi siyo fundi. Ningesema naomba kuchaji simu. Lakini kupitia bega lake niliona ndani ya darasa, juu ya meza, kuna projekta (ile mashine ya kurushia picha ukutani), ndogo, nyeupe, mpya, ya aina ambayo sikuwahi kuigusa maishani mwangu, na mdomo wangu ukasema:

"Njia ilikuwa mbaya, mwalimu."

Na njia kweli ilikuwa mbaya. Sentensi ile mpaka leo naitetea. Uongo ulikuwa kwenye miguu, ilipovuka kizingiti.

Mwalimu Wegesa (ndilo jina lake) akanieleza mambo huku anatembea haraka haraka. Kwamba watoto wake wa darasa la pili walikuwaga hawasomi, wanaimba kitabu tu, kiongozi akisema ukurasa wa nne wote wanaanza kuimba ukurasa wa nne hata kama kitabu kimefunguliwa ukurasa wa kumi. Kwamba tangu ilipokuja mashine ile na kishikwambi chenye hadithi fupi fupi, anarusha sentensi ukutani kwa herufi kubwa, mtoto mmoja anashika fimbo na kugusa neno kwa neno, wenzake wanasoma, halafu mashine inazimwa nao wanaandika ile sentensi kwenye madaftari yao kutoka kichwani. Kwamba wameanza kusoma kweli kweli. Ila kazi hiyo inahitaji saa moja zaidi mchana, na hiyo ndiyo saa ambayo watoto wa kule wanatakiwa wakachunge ndama na mbuzi, na wazazi wamechoka.

"Leo mchana wanakuja wenyewe kuona," akasema. "Wakisema hapana, watoto wanarudi malishoni na mashine inarudi kabatini. Mpinzani mkubwa ni Bibi Nyamisi, mjukuu wake yumo humu. Yeye anasema hawa bado wanaimba tu. Tafadhali fundi, kishikwambi kinagandaganda, kiangalie. Leo kisinitie aibu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Mimi! Nikamwambia asiwe na wasiwasi!)

Nikachomeka simu yangu kwenye chaji kwanza, si ndicho kilichonileta, halafu nikakishika kile kishikwambi. Kweli kilikuwa kinaganda. Nikafanya kile ninachofanyaga kwa kila kitu, redio, simu, hata pampu ya maji ya shangazi: nikakizima, nikakiwasha. Kikawaka vizuri kabisa, kikaonyesha ua zuri la rangi ya zambarau, kikaomba nywila.

"Mwalimu, nywila?"

"Nywila anayo fundi," akasema bila hata kugeuka, anapanga madawati. Kisha akageuka. "Si wewe?"

Jasho lilianza kwenye kisigino, sijui kama mnaijua hiyo. Nikasema nywila za ofisini zimebadilishwa wiki hii, mambo ya usalama, lakini hakuna shida, tutatumia simu yangu, projekta hii ni ya kisasa inakamata simu bila waya. Hilo nililisoma ubavuni mwa boksi lake wakati ule ule ninaposema. Nikaijaribu, ikakamata! Nilivyofurahi mngedhani mimi ndiye niliyeiunda. Nikapiga picha kurasa za kitabu cha darasa la pili, nikazirusha ukutani, nikaongeza na maandishi ya simu yote mpaka ukubwa wa mwisho, ili hata mtoto wa nyuma kabisa aone. Kumbukeni hilo la maandishi makubwa. Nilijipongeza sana kwa hilo.

Mwalimu akaniangalia kwa macho ya shukrani, akaanza kuniita injinia.

Mchana tukaenda kula kwa Bibi Nyamisi, nyumba yake imepakana na uwanja wa shule. Huyo bibi ni mrefu, amenyooka, anaongea polepole kama mtu anayechagua mchele. Alikuwa anapinga mashine lakini mgeni ni mgeni, kaniwekea ugali wa mtama na kuku wa kienyeji, na juu kabisa ya mnofu akaweka firigisi. Kwetu firigisi haiwekwi ovyo. Firigisi ni ya baba wa nyumba au ya mgeni wa heshima, watoto wanapewa shingo, firigisi wanaitazama tu kwa mbali kama bendera.

"Kula, injinia," akasema. "Umetoka mbali kwa ajili ya wajukuu zetu. Mimi mashine yako siiamini, lakini wewe nakuheshimu."

Nikaila. Ilinikwama kidogo, lakini nikaila. Na kuku mwenyewe, jamani, huyo kuku alikuwa ameishi. Aliona mengi. Nilivuta paja kwa meno mpaka masikio yakapiga kelele.

Baada ya kula nikarudi darasani, nikaichukua simu nikamwandikia Marwa, rafiki yangu wa Musoma, ambaye hakuna jambo langu asilolijua. Nilichoandika nakikumbuka herufi kwa herufi, na mtaelewa kwa nini. Mtandao wa kule unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa, ujumbe ukakaa, ukakaa, mwishowe ukaondoka, nami nikausahau.

Wazazi wakaja. Madirisha yalizibwa kwa vitenge na turubai ili ukuta uonekane vizuri, watoto wakakaa mbele sakafuni, wazazi kwenye madawati magoti yamegusa videvu, wengine wakasimama nyuma. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, akafungua kwa maneno mengi. Mwalimu Wegesa akaniambia nianze. Aliyeshika fimbo alikuwa Wakuru, mjukuu wa Bibi Nyamisi, kasichana kadogo kenye pengo la meno mawili na uso wa hakimu.

Nikarusha ukurasa wa kwanza. Wakuru akagusa, wenzake wakasoma, "Ma-ma a-na-pi-ka u-ji." Safi kabisa. Ukurasa wa pili, safi. Wazazi wakaanza kuguna kwa kuridhika. Ndipo Bibi Nyamisi akanyanyuka.

"Mwalimu, samahani. Hicho kitabu ninakijua hata mimi ambaye sikuingia shule. Huyu mjukuu wangu anakiimba akiwa anakamua mbuzi. Mama anapika uji, baba analima shamba. Nyie mnaita kusoma, mimi naita kwaya."

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma akasema, "Kweli bibi, hiyo ni kwaya, wakapewe na ngoma." Mwalimu Wegesa akasogea mbele. Akafungua mdomo ajibu, na dakika hiyo hiyo, ndugu zangu, mtandao ukarudi.

Simu ikalia ting! Juu ya mama anayepika uji ukashuka ujumbe wa Marwa, kwa maandishi yale makubwa niliyoyakuza kwa mikono yangu mwenyewe. Na Wakuru, ambaye kazi yake ni kugusa kila neno linalotokea ukutani, akagusa.

"I-nji-ni-a," darasa likasoma, "wa fi-ri-gi-si, u-me-sha-ka-ma-twa?"

Mtu akacheka peke yake halafu akaacha.

Nikairukia simu niuondoe ule ujumbe. Kidole kilikuwa na jasho. Badala ya kuusukuma pembeni nikaugonga katikati, na mazungumzo yangu yote na Marwa yakafunguka ukutani, mapana kama lango la zizi. Nikabonyeza kitufe cha kuzima, kitufe cha simu yangu kilishakufa tangu mwaka jana. Mwalimu Wegesa akasema, "Basi, watoto, basi," lakini alikuwa amewafundisha mwenyewe kwamba katika darasa lake sentensi haiachwi njiani, ikianza inamalizwa, nao walishaanza.

"Ni-po shu-le mo-ja hu-ku po-ri-ni, wa-na-ni-i-ta i-nji-ni-a."

Hapo nikafanya jambo ambalo nilidhani ni la akili. Nikakimbia nikasimama mbele ya ukuta, nimepanua mikono, niyazibe yale maneno kwa mwili wangu. Nilikuwa nimevaa fulana nyeupe. Mimi, msomi wa shuka na taa, niliyeacha shule ili nijue picha inavyokaa kwenye kitambaa cheupe! Maneno hayakuzibika. Yalinikaa kifuani, yakanishuka tumboni, yakasomeka vizuri kuliko hata ukutani, maana ukuta ulikuwa na nyufa. Wakuru akasogea hatua moja, akaninyooshea fimbo, akanigusa hapa, chini kidogo ya kifua, bila chuki yoyote.

"Mi-mi ni-li-ye-i-shi-a da-ra-sa la si-ta!"

"Eee!" wakasema wazazi.

Fimbo ikashuka kwenye kitovu.

"Ni-me-pe-wa na fi-ri-gi-si. I-la ku-ku wa hu-yu bi-bi..."

Wakuru akasita. Aligeuka kumtazama bibi yake. Nikamwomba Mungu sentensi iachwe njiani siku hiyo moja tu. Akarudisha fimbo.

"...ni m-gu-mu ka-ma ta-i-ri la tre-kta."

Mzee wa kofia ya manyoya aliinama, mabega yanatetemeka. Kuna mama mmoja alitoka nje kabisa, tukawa tunamsikia anacheka huko uwanjani. Lakini Mwalimu Wegesa hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mikono imelala magotini, na hapo ndipo aibu iliponiingia yenyewe, maana mpaka wakati ule nilikuwa najionea huruma mimi tu. Kazi yake yote aliyoifanya na wale watoto, mimi nimekuja kuichezea kwa sababu nilitaka kugusa mashine.

Bibi Nyamisi akaja mbele. Alikuja taratibu, watoto wakampisha. Akasimama pembeni ya projekta, mimi nimeganda ukutani na tairi la trekta tumboni.

"Mimi sijui kusoma," akamwambia mwenyekiti. "Hapo kweli pameandikwa hivyo?"

"Ndivyo hivyo hivyo, mama," akasema mwenyekiti, anafuta macho kwa kofia. "Hawakuongeza, hawakupunguza."

"Haya maneno waliyaona lini kabla ya leo?"

"Wangeyaona wapi, mama? Hata mwalimu hakuyajua."

Bibi akafikiri. Akaniangalia kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anavyoangalia mbuzi aliyeuziwa akaambiwa ana mimba. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Wakuru, weka fimbo, chukua chaki. Ulisema mnafundishwa na kuandika. Andika ninachosema." Akanyoosha kidole ubaoni. "Kuku wangu siyo mgumu."

Wakuru akaandika. Chaki inalia, ulimi umetoka kwenye lile pengo. Herufi zilipanda mlima kidogo, lakini zote zilikuwepo.

"Nukta," akanong'ona Mwalimu Wegesa. Wakuru akaweka nukta.

"Endelea. Meno ya injinia ndiyo mabovu."

Akaandika. Watoto hawakungoja mwalimu wala fimbo, wakasoma wote kwa pamoja, safari hii kwa furaha, "Ku-ku wa-ngu si-yo m-gu-mu. Me-no ya i-nji-ni-a ndi-yo ma-bo-vu!" Darasa likalipuka. Bibi Nyamisi peke yake hakucheka. Aligusa maandishi yale ubaoni kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu asiyafute.

"Haya ni maneno yangu," akasema. "Yametoka mdomoni mwangu yamekaa hapa." Kisha akawageukia wazazi. "Wabaki hiyo saa. Mbuzi wangu nitachunga mwenyewe. Mwenye neno aseme."

Mwenyekiti akapiga makofi, wengine wakafuata. Nami nikadhani labda nimesamehewa, nikaanza kutabasamu tabasamu dogo la kichokozi, ndipo akanigeukia.

"Wewe. Firigisi ile niliyokupa ilikuwa ya mtu aliyetoka mbali kufundisha wajukuu wangu. Wewe umeila kama nani?"

Nikaichukua simu yangu, nikatafuta begi.

Mwalimu Wegesa alinisindikiza mpaka mwisho wa uwanja, nimebeba begi langu na simu iliyojaa chaji mia kwa mia. Tulipofika barabarani akasimama.

"Ungeniambia tu hujui nywila," akasema. "Ningechukua chaki nikaandika ubaoni sentensi mpya. Wangesoma vile vile."

"Nisamehe, mwalimu."

"Leo sikusamehe na wala sikushukuru, na vyote viwili vinanikaa hapa," akagusa koo. "Nenda tu."

Pikapu ya mbuzi ilishaondoka zamani. Nikaanza kutembea, na sikufika mbali nikakutana na pikipiki imejaa vumbi, kijana ana miwani na boksi la vifaa nyuma. Akapunguza mwendo.

"Samahani kaka, shule ya msingi ni hii mbele?"

"Ndiyo hii," nikamwambia. "Ila mwalimu akikuuliza, usimwambie njia ilikuwa mbaya. Mwambie jina lako, na umwonyeshe kitambulisho."

Akaniangalia kama mwendawazimu, akaenda.

Lori la mahindi lilinikuta njia panda, dereva akauliza naenda wapi, nikamuuliza yeye anaenda wapi, akasema Butiama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwambia dereva ukweli: sijui ninakoenda, naomba tu unipeleke. Jua lilikuwa linazama nilipofika. Butiama nilikuwa sijawahi kulala, hewa yake ni ya baridi kidogo, inafaa mtu mwenye uso unaowaka. Nikapata nyumba ya wageni, vyumba vichache vimezunguka ua, na mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele ya televisheni iliyokufa, anaipiga kofi ubavuni.

Akaona begi. Akaona nyaya.

"Ah, mwanangu, Mungu amekuleta! Wewe ni fundi?"

Mikono iliniwasha, nawaambieni ukweli. Televisheni yenyewe ilikuwa nene, ya zamani, ya aina ambayo sijawahi kuifungua ndani. Nikaiweka mikono yote miwili mifukoni.

"Hapana, mama. Mimi siyo fundi. Niliishia darasa la sita, na ninatafuta chumba. Ila waya wa umeme naona umechomoka nyuma ya kabati."

Akainama, akauchomeka mwenyewe, televisheni ikawaka. Akafurahi sana, akasema chumba kipo na chakula kipo, nikae. Baadaye kidogo akaniletea ugali na kuku kwenye sinia, na juu ya mnofu, bila mimi kuomba, kalaza firigisi.

"Hiyo ni yako, mgeni," akasema.

Nikaisogeza pembeni ya sinia kwa kidole, taratibu.

"Mama," nikamwambia, "kama haitakuwa taabu, mimi nipe shingo."